Naombeni ushauri: CD ya Utada Hikaru ya 1999, orijino, laki tatu na nusu. Nichukue?

Chaki Nyeupe
Wakuu habari za mchana. Naomba ushauri wa haraka, na naomba tusitukanane.

Kuna jamaa hapa Morogoro anauza CD ya First Love, albamu ya mwimbaji wa Kijapani Utada Hikaru, ile iliyotoka Japani Machi 1999. Ni orijino ya kiwandani, siyo ya kuchoma. Ina kijitabu cha maneno ya nyimbo, ina hata ule ukanda wa karatasi wenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Bei yake laki tatu na nusu. Nimemlilia apunguze, kagoma. Anadai kuna mtu wa Arusha anamsumbua kila siku, na ikifika kesho jioni bila hela, inaenda Arusha.

Mimi ni mpenzi wa huyu msanii wa muda mrefu. Nataka kujua mawili tu: hiyo bei ni ya haki? Na nitaitambuaje kama ni feki?

Kausha Macho
Laki tatu na nusu. CD. Ngoja nivute kiti.

Mama Pili wa Mabibo
Baba, hiyo hela ni bati ngapi? Au wewe umeshamaliza kujenga?

Fundi Redio Mbagala
Kabla ya bei, una kitu cha kuisomea? Deki nyingi za mtaani lenzi zimekufa, inazungusha tu haisomi, halafu mtu analaumu CD. Lete nikubadilishie lenzi, bei maelewano. Na kama ni redio ya gari usichokonoe na bisibisi. Juzi kuna mzee kaniletea redio ya Noah, CD imekwama ndani, kaichokonoa na kisu cha mezani mpaka kakata mkanda. Kumbe hiyo CD ilikuja humo humo tangu Japani, yeye siku zote anajua redio ni mbovu.

Mtoto wa Tandika
Fundi umenikumbusha. Nilipotoa Spacio yangu bandarini, kila nikiwasha kuna dada anaongea Kijapani kwa adabu kweli kweli. Mama mkwe akipanda anaitikia "amina". Tukajua gari limetoka kwa watu wa dini.

Nagoya Kusini
@Mtoto wa Tandika huyo dada anakwambia kadi ya ETC haijachomekwa. Ni kadi ya barabara za kulipia za huku Japani. Muache mama mkwe aendelee.

Mleta mada, niko zamu. Nitarudi jioni ya huku, usitoe hela.

Mtoto wa Tandika
Simwambii. Yule ni mtu mzima.

Shangazi wa Pangani
Mimi nina swali. CD imekaa tangu 1999 haijaoza, kwa nini uamuzi uwe kesho jioni? Anayekukimbiza ni muuzaji au una jambo jingine hujasema?

Chaki Nyeupe
Shikamoo shangazi. Haraka ni kwa sababu Ijumaa kuna shughuli. Ni zawadi. Naomba turudi kwenye bei na feki.

Shangazi wa Pangani
Marahaba. Zawadi ya nani? Mkeo anasikiliza Kijapani?

Kausha Macho
Shangazi kaingia na miguu yote miwili 😂

Bi Mkubwa Mstaafu
Wanangu, huyu si ndiye aliyeimba wimbo wa ile tamthilia ya Netflix ya 2022? Yule dada dereva wa teksi aliyepata ajali akapoteza kumbukumbu, na mwanaume wake wa ujanani bado anamkumbuka? Nimeangalia vipande vyote usiku mmoja, asubuhi macho yamevimba mume wangu akauliza nani kafariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, ni wewe tu hukuwahi kuniandikia barua. Hatukuongea mpaka Magharibi.

Kama ni ule wimbo, baba nunua.

Mama Pili wa Mabibo
Bi Mkubwa usimtie mtoto wa watu kwenye hasara kwa ajili ya tamthilia.

Chaki Nyeupe
Mambo ya mke tuyaweke pembeni, hayahusiani na CD.

Basi niseme. Zawadi ni ya mwalimu mwenzangu, Mjapani wa kujitolea. Amefundisha hisabati shuleni kwetu, muda wake umeisha, Jumamosi anaondoka. Kuna siku tulibaki wawili ofisini tunasahihisha mitihani, nikasikia anaimba kwa chini. Ana kawaida ya kupanga kalamu zake nyekundu kwenye ukingo wa meza, zote zielekee upande mmoja, na akiimba anazigusa moja moja kama anahesabu. Nikamuuliza unaimba nini, akanionyesha kwenye simu. Akasema CD yenyewe ilikuwa kwenye gari la mama yake, amekua nayo. Anaupenda zaidi ule wa Can You Keep a Secret?, na jamaa kanihakikishia umo humo humo.

Watu wengine wote watampa vitenge. Mimi nikasema huyu nitampa kitu anachokijua. Kuna ubaya gani?

Kausha Macho
"Tulibaki wawili ofisini." Kiti nimeshavuta, sasa naomba na karanga.

Mzee Kibarabara
Kijana, hekima ya wazee ni kwamba moto na petroli havikai stoo moja. Mimi nimekuwa mratibu wa elimu miaka ya nyuma, nimeona ndoa za walimu zinavunjika kwa kuanzia na kusahihisha mitihani pamoja. Msalimie mkeo.

Chaki Nyeupe
Mzee wangu sijasema kuna chochote. Nimesema zawadi.

Mkaguzi wa Nje
Mimi nisiulize ya mapenzi, niulize ya hesabu. Mshahara wa mwalimu tunaujua, makato tunayajua. Laki tatu na nusu kwa zawadi ya mtu mmoja, katikati ya mwezi. Hiyo hela ni ya nani?

Mkaguzi wa Nje
Naona yuko hewani na hajibu.

Kausha Macho
Kaingia mitini.

Wa Kiambu
Buda, hata huku kwetu hiyo ni pesa ya mbuzi wa kuposa na chenji inabaki. Jibu huyo mkaguzi.

Chaki Nyeupe
Nilikuwa na kipindi, jamani mimi ni mtumishi.

Hela ni ya mchango wa kumuaga. Walimu tulichanga elfu kumi kumi, mkuu akaongeza elfu hamsini, na kamati ya wazazi ikatia mkono, jumla laki nne na kumi. Mimi ndiye katibu wa kamati. Kikao kilisema tununue kitenge, kinyago na picha ya tingatinga. Lakini naomba mnisikilize kabla ya kunirukia. Kila mgeni anayeondoka tunampa kitenge, kinyago na tingatinga. Aliyemtangulia alipewa hivyo hivyo. Vinyago vya Kimakonde wanavyobeba wenzetu hawa nadhani nyumba zao zimejaa. Hela ni kwa ajili yake na zawadi ni ya kwake, sijala senti. Nitakachobadilisha ni aina ya zawadi tu.

Na niseme kabisa kwamba nimeshatanguliza laki na nusu. Kwa hiyo swali langu la msingi ni lile lile, bei na feki.

Shangazi wa Pangani
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri. Umekuja kuomba tukuwekee mkono kichwani.

Mzee Kibarabara
Fedha ya mchango ni amana. Ukishabadilisha matumizi bila kikao, hata kama umenunua dhahabu, umeshakosea. Nimesimamia harambee nyingi, jambo hili nalijua. Itisha kikao cha dharura.

Chaki Nyeupe
Mzee, kikao cha watu kumi na tisa kukubaliana CD ya Kijapani? Walishindwa kukubaliana rangi ya mapazia ya ofisi.

Simba wa Kihonda
Mkuu wa shule hapa. Mwalimu, kesho saa moja na nusu ofisini kwangu, uje na stakabadhi.

Chaki Nyeupe
Acha utani. Mkuu wetu hata simu ya kupangusa hana.

Nagoya Kusini
Nimetoka zamu. Nianze na feki kwa kuwa ni rahisi. CD yenyewe nyimbo ziko 12. Ya kwanza ni Automatic, na ya mwisho ni Automatic tena, iliyochanganywa upya. Kasha lina jina la kampuni ya Toshiba-EMI na namba inayoanza na herufi TOCT. Mwambie jamaa apige picha ya mgongo, uweke hapa. Ila sioni mtu atakayejisumbua kughushi hiyo CD, na hapo ndipo lilipo jibu lako la bei.

Hiyo albamu iliuza zaidi ya nakala 7,600,000 hapa Japani. Oricon, ambao ndio wanaohesabu mauzo ya muziki huku, hawajawahi kuandika albamu nyingine iliyofika hapo. Wakati ule nchi ilikuwa na watu kama milioni 126, ina maana kila watu kumi na sita au kumi na saba, mmoja aliinunua, ukihesabu vichanga na vikongwe humo. Na mtunzi na mwimbaji ni binti wa miaka 16, amezaliwa New York. Singo ya kwanza ilitoka Desemba 1998 akiwa na 15. Kwa wajuaji watakaokuja: ndiyo, 1998 alishatoa albamu ya Kiingereza kwa jina la Cubic U, haikushika. Hii ndiyo ya kwanza ya Kijapani.

Sasa zile milioni saba zimekwenda wapi? Watu wamehama, wazee wamefariki, watoto wamesafisha makabati. Zimeishia kwenye maduka ya mitumba. Pale ninapopita mimi zipo rafu ya chini kabisa, ya yeni 110, lazima uchuchumae. First Love haikosi, mara nyingine zimepangana tatu nne, na juu yake vumbi. Yeni 110 haifiki elfu mbili na mia tano ya kwetu.

Halafu mkuu, huyo sensei Jumamosi anapanda ndege kwenda wapi?

Kausha Macho
Anakwenda kwenye rafu ya chini 😂😂😂

Mama Pili wa Mabibo
Yaani umechukua elfu kumi ya mwalimu wa zamu ukanunua kitu cha elfu mbili umpe mtu anayekwenda kinakotoka. Hivi umelogwa?

Chaki Nyeupe
Nagoya asante, lakini nadhani hujanielewa. Bei ya Nagoya ni ya Nagoya. Hapa Morogoro iko moja. Embe Muheza unapewa bure, Ulaya unanunua kwa kipande. Na mtu akipewa kitu cha kwao akiwa mbali na kwao, hapigi hesabu ya rafu.

Bi Mkubwa Mstaafu
Hapo mwalimu kasema kweli. Kaka yangu alikaa Muscat miaka mingi, siku nilipompelekea visheti vya mama alivila amesimama mlangoni, hata viatu hajavua.

Wa Kiambu
Visheti zilikuwa za shilingi ngapi mama? Hiyo ndiyo tofauti.

Moshi Vinyl
Samahani nimechelewa, nilikuwa nasoma tangu juu. Mimi nakusanya santuri na CD, muziki wa Japani kidogo naujua. Mambo mawili.

Moja. Wimbo wenyewe wa First Love mnajua unasema nini? Unaanza na busu la mwisho lenye ladha ya sigara, halafu mwimbaji anasema hata akipenda tena, huyo wa kwanza atabaki kuwa wake. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa. Mwalimu, wewe una mke. Unataka kuusimamia mbele ya mkuu wa shule na kamati ya wazazi, kwa hela yao. Yule binti Kijapani anakijua, atauelewa palepale.

Mbili, na hii ndiyo imenifanya niandike. Umesema anaupenda Can You Keep a Secret? na kwamba umo kwenye CD hii. Haumo. Ule ulitoka 2001, uko kwenye albamu ya pili ya Kijapani, Distance. Mtu anayejiita mpenzi wa muda mrefu hawezi kuchanganya hizo mbili, kwa sababu Distance ina historia yake. Ilitoka tarehe 28 Machi 2001, siku moja na mkusanyiko wa nyimbo za mwimbaji mwenzake, Ayumi Hamasaki, na Japani nzima ikagawanyika nani atauza zaidi. Distance iliuza milioni tatu wiki ya kwanza, mwenzake chini kidogo tu ya hapo. Magazeti yao yaliandika kama tunavyoandika sisi Simba na Yanga.

Mchezaji Mstaafu
Kumbe ndiye huyu! Mimi namjua kutoka kwenye PlayStation 2. Kingdom Hearts, 2002. Ule wimbo wa mwanzo nilikuwa siruki, namuacha aimbe mpaka mwisho ndiyo nabonyeza. Kaka yangu alikuwa ananipiga makofi eti namaliza umeme wa luku. Mpaka leo ukipigwa nasikia maumivu ya shavu.

Mkaguzi wa Nje
@Moshi Vinyl umenisaidia kufunga hesabu. Wakuu, hii ni CHAI.

Angalieni. Akaunti imefunguliwa mwezi huu, uzi ni huu mmoja tu. Bandiko la kwanza ni "mpenzi wa muda mrefu". Akibanwa, anasema amemjua msanii kwa kusikia mtu anaimba ofisini. Wimbo anaoutaja haumo kwenye CD anayoinunua. Hela ilikuwa yake, ikawa ya mchango. Kila tukimbana anatoa kipande kingine, na kila kipande kinanoga kuliko kilichotangulia. Huyo mtu wa Arusha kila mtu anamjua, ndiye mteja wa kila dalali Tanzania hii.

Mimi nasema hakuna sensei, hakuna mchango, hakuna Ijumaa. Huyu ndiye MUUZAJI. Ana CD kaiokota, hajui bei, katuletea tumpimie soko bure.

Kausha Macho
Eeeeh! Na tumempimia kweli.

Fundi Redio Mbagala
Kama ni muuzaji mimi natoa elfu tano, na kasha.

Wa Kiambu
Elfu sita na nalipa matatu.

Simba wa Kihonda
Chai ya maziwa hii, tangawizi imekolea. Wasimamizi wahamishe uzi jukwaa la vichekesho.

Bi Mkubwa Mstaafu
Jamani mimi nilishaanza kumwombea huyo binti safari njema.

Shangazi wa Pangani
Mimi sidhani ni chai. Mtu anayetunga hadithi hajitii aibu ya namna hii, angejipa sehemu nzuri zaidi. Na zile kalamu nyekundu kwenye ukingo wa meza, hicho kitu mtu amekiona kwa macho yake, na amekitazama sana.

Mkaguzi wa Nje
Shangazi, matapeli ndio mabingwa wa kalamu nyekundu.

Chaki Nyeupe
Nimewasoma wote. Sina haja ya kuthibitisha maisha yangu kwa mtu anayejiita Mkaguzi. "Muda mrefu" kwangu ni tangu mwaka jana, kuna sheria? Ya wimbo kutokuwemo ni jamaa kanidanganya, nimempigia anasema labda amechanganya. Nimemwambia atume picha ya mgongo. Hiyo hapo chini. Namba inaanza na TOCT kama Nagoya alivyosema, kwa hiyo feki siyo. Nyimbo 12. Na mtazame pembeni kulia kuna stika ya duara, jamaa anasema ni alama maalumu ya toleo la kwanza, ndiyo maana bei iko juu.

[picha]

Moshi Vinyl
Ni yenyewe. Movin' on without you namba mbili, First Love namba nne. Ukanda wa karatasi upo ila umechanika. Stika hiyo sijawahi kuiona kwenye nakala yoyote.

Nagoya Kusini
Mimi nimeiona sana. Nimeikuza picha nikahakikisha.

Hiyo stika siyo ya toleo la kwanza. Imeandikwa kwamba CD ni ya kukodisha. Huku kulikuwa na maduka ya kukodisha CD kila mtaa, yapo mpaka leo ingawa mengi yamefunga. Unalipa yeni chache, unakaa nayo siku kadhaa, watu wengi wanairekodi nyumbani, unarudisha. Duka likifunga au CD ikichakaa wanaziuza kwa bei ya kutupa, na stika inabaki kwa sababu gundi yake ukiibandua inang'oa karatasi. Hiyo nakala imepita mikono ya mtaa mzima. Kwenye duka la mitumba yenye stika hiyo inakuwa chini ya ile ya yeni 110.

Au haikurudishwa kabisa. Mtu kaikodi, kaisahau kwenye gari, gari likauzwa mnadani.

Mtoto wa Bandari
Hilo la gari ndilo lenyewe. Magari yanashuka na vitu humo: miavuli, hirizi zao za kuning'iniza, CD, hata vijiti vya kulia. Waosha magari ndio wanaopata. Binamu yangu kule mashambani Dakawa nilimpelekea mfuko mzima wa CD za namna hiyo, kazitundika kwa kamba kwenye mpunga kufukuza kwelea. Zinang'aa kweli, ndege hawatui. Sijui Hikaru wangapi wamekaa juani pale.

Moshi Vinyl
Dakawa wapi? Nauliza kwa nia njema.

Nagoya Kusini
Kitu kimoja niongeze kwa wanaomcheka msanii wa CD ya elfu mbili. Mama yake, Keiko Fuji, alikuwa mwimbaji wa enka, zile nyimbo zao za huzuni za baa na treni za usiku. Mwaka 1970 albamu zake mbili zilikaa namba moja wiki 37 mfululizo, moja ikishuka nyingine inapokea. Wazee wa kiwandani kwetu ukimtaja binti, wao wanamtaja mama. Alifariki 2013. Binti alikuwa amepumzika muziki tangu 2010, akarudi 2016. Mwalimu, kama unataka cha kuongea na sensei, ongea naye hayo, ni bure.

Mzee Kibarabara
Bado suala la amana halijajibiwa.

Mama Pili wa Mabibo
Dai laki na nusu yako urudishiwe. Yaani yao.

Chaki Nyeupe
Nimempigia sasa hivi nikamwambia habari ya stika. Amekaa kimya kidogo, akasema laki na nusu hairudi kwa sababu ameshainunulia gesi na vitu vya nyumbani, ila CD niichukue kwa hiyo hiyo laki na nusu, tumalizane. Yule wa Arusha hakumtaja tena.

Kwa hiyo kimahesabu nimeokoa laki mbili. Zimebaki laki mbili na sitini, kitenge cha doti na kinyago vinapatikana, tingatinga ndogo pia nikipata ya bei ya kawaida. Kikao kitaona vitu vyote vilivyoagizwa. CD nitampa kabla ya shughuli, pembeni, siyo mbele ya mkuu. Moshi umenisaidia kwenye hilo.

Mkaguzi wa Nje
Na laki na nusu kwenye taarifa ya kamati utaiandikaje?

Chaki Nyeupe
Usafiri na mengineyo.

Kausha Macho
😂😂😂 Mwalimu umeiva. Gombea udiwani.

Shangazi wa Pangani
"Kabla ya shughuli, pembeni." Mwanangu, ungempa mbele za watu ingekuwa heri. Ukimpa pembeni, stika ya kukodisha na busu la sigara vyote atavisoma akiwa na wewe tu hapo.

Chaki Nyeupe
Atavisoma shangazi. Mimi Kijapani sijui.

Bi Mkubwa Mstaafu
Mwambie aipeleke kwa mama yake. Huenda ya kwenye gari lao ilipotea.

Nagoya Kusini
Kama gari lao liliuzwa mnadani, huenda ndiyo hii hii, nani ajuaye. Natania, msianze uzi mwingine.

Mkaguzi wa Nje
Mimi bado nasema chai. Ila Ijumaa usiku nitapita hapa kuangalia kama kuna mrejesho na picha ya kitenge.

Mtoto wa Tandika
@Nagoya Kusini samahani kutoka nje ya mada, IST ya 2005 kwa huko sasa hivi inasimamaje mpaka bandarini? Nataka kubadilisha Spacio.

Fundi Redio Mbagala
Na mimi ninunulie, iwe na redio nzima.

Simba wa Kihonda
Mimi Premio mkuu, rangi ya fedha. Nimekutumia ujumbe.

Nagoya Kusini
Njooni inboksi mmoja mmoja, ushuru unategemea mwaka wa gari. CD mtakayoikuta ndani ni yenu. Na @Mtoto wa Tandika, ya safari hii nitaitafuta isiyo na kifaa cha ETC.

Mtoto wa Tandika
Hapana mkuu, iwe nacho. Mama mkwe ataniuliza.